Miaka 80: Mstari Ambao Kila Mwenye Fleti England na Wales Anapaswa Kuujua

Mpango wa Right to Buy ulioanza Oktoba 1980 uliwauzia wapangaji wa halmashauri fleti zao, kwa kawaida kwa mikataba ya miaka 125. Toa 45 kwenye 125. Mkataba ulioanza 1981 unafikisha miaka 80 iliyobaki mwaka 2026, wa 1983 utafikisha mwaka 2028, wa 1985 mwaka 2030. Wengi wenye fleti hizo hawana habari kwamba hapo kwenye 80 kuna mstari, na kwamba ukishauvuka, gharama ya kuongeza muda inaweza kuongezeka maradufu au zaidi, ilhali fleti ni ileile na jengo ni lilelile.

Si wao tu. Mtu aliyenunua fleti ya mkataba wa miaka 99 ulioanza 2005 aliwahi kuwa na miaka 99 na akaona ni mingi. Leo tayari ameuvuka mstari huohuo.

Ninayoyaandika hapa yanahusu England na Wales. Uskoti na Ireland Kaskazini zina sheria zao na haya hayafanyi kazi huko. Katika England na Wales, anayenunua fleti karibu kila mara hanunui jengo wala ardhi. Ananunua haki ya kuimiliki fleti kwa miaka iliyoandikwa kwenye mkataba, na miaka hiyo ikiisha fleti inarudi kwa mwenye jengo. Kila mwaka unaopita unakula thamani ya ulichonunua. Mikataba mifupi huwatisha watoa mikopo, kwa hiyo mnunuzi anayehitaji mkopo anakukimbia, na anayebaki ni mwenye fedha taslimu anayetaka bei ya kutupa.

Kwanza, tarehe

Kabla ya kumpigia mtu yeyote simu, pata nakala ya rejista ya fleti yako kutoka HM Land Registry kupitia tovuti ya GOV.UK. Ada ni pauni 7. Zipo tovuti nyingine zinazojifanya rasmi na kutoza mara kadhaa ya hiyo kwa karatasi ileile, basi angalia anwani vizuri. Kisha omba nakala ya mkataba wenyewe, kwa sababu rejista ni muhtasari tu.

Kwenye mkataba kuna tarehe mbili ambazo watu huzichanganya kila siku. Moja ni siku uliposainiwa. Nyingine ni siku muda ulipoanza kuhesabiwa, na hii ndiyo ya maana. Mkataba unaweza kuwa umesainiwa Novemba 1988 lakini ukasema "miaka 99 kuanzia 25 Machi 1985". Aliyesoma tarehe ya kusaini anajipa zaidi ya miaka mitatu ambayo hana. Tarehe 25 Machi, 24 Juni, 29 Septemba na 25 Desemba utaziona mara nyingi. Ndizo siku za robo mwaka ambazo wenye majengo wa Kiingereza wamezitumia kwa karne nyingi kukusanya kodi.

Kwa fleti za halmashauri kuna mtego mkubwa zaidi. Sheria iliruhusu fleti ya pili, ya tatu au ya kumi kuuzwa katika jengo lilelile kwa mkataba unaokwisha siku moja na ule wa kwanza. Kwa hiyo mtu aliyeuziwa mwaka 1998 anaweza kuwa na mkataba unaokwisha 2107, kwa kuwa jirani yake wa ghorofa ya chini alinunua 1982. Anaamini ana miaka 125 tangu 1998. Siku zote ilikuwa 109. Usikisie, soma kipengele cha muda neno kwa neno.

Ukishaipata tarehe ya mwisho, hesabu nyuma miaka 80 na uiandike mahali utakapoiona. Hata hivyo usiifanye kuwa siku ya kutenda. Maneno kama "kuanzia" na "kuanzia na ikijumuisha" yanaweza kuleta ubishi wa siku moja, na sheria inasema muda uliobaki lazima *uzidi* miaka 80. Themanini kamili haitoshi. Anayetaka kulala usingizi hutuma notisi ya kudai nyongeza miezi kadhaa kabla.

Kwa nini 80

Bei unayomlipa mwenye jengo ina sehemu tatu.

Ya kwanza ni pango la ardhi, yaani kodi ya kila mwaka ambayo mkataba unakutaka umlipe mwenye jengo. Ukiongeza muda kwa njia ya sheria, pango hilo linakuwa sifuri kwa muda wote mpya, hivyo mwenye jengo anafidiwa pango la miaka iliyosalia ambalo angelikusanya. Halilipwi lote jinsi lilivyo, kwa kuwa pauni ya mwaka 2070 si sawa na ya leo. Hupunguzwa kwa kiwango cha riba kinachotegemea aina ya pango. Pango dogo lisilopanda mara nyingi huona kiwango cha asilimia 6 au 7.

Ya pili ni fleti yenyewe. Mwenye jengo alikuwa akingoja irudi mikononi mwake mkataba ukiisha, na sasa atangoja miaka 90 zaidi, ile ambayo sheria inakuongezea. Thamani ya kungoja huko hupunguzwa kwa asilimia 5 kwa mwaka, kiwango kilichotokana na kesi ya Sportelli iliyoamuliwa na Lands Tribunal mwaka 2006 na ambacho wathamini wanakitumia hadi leo kwa fleti.

Ya tatu ndiyo inayoumiza. Mkataba mrefu una thamani kubwa kuliko mfupi, hivyo kitendo chenyewe cha kuurefusha kinazaa thamani mpya ambayo haikuwa mkononi mwa yeyote kati yenu. Wathamini huiita thamani ya muungano. Muda uliobaki ukizidi miaka 80 siku ya notisi, sheria inaihesabu kuwa sifuri. Ukiwa 80 au pungufu, unamlipa mwenye jengo nusu yake.

Tuitazame kwa namba. Chukua fleti ambayo ikiwa na mkataba mrefu ina thamani ya pauni 300,000, na pango la ardhi ni pauni 150 kwa mwaka lisilopanda. Hesabu nimeirahisisha kidogo ili ifuatike.

Miaka 82 imebaki. Pango, likipunguzwa kwa asilimia 6.5, linakuja takriban pauni 2,294. Fleti ya pauni 300,000 itakayorudi baada ya miaka 82, ikipunguzwa kwa asilimia 5, ina thamani ya leo ya pauni 5,490. Toa pauni 68, ambayo ni thamani atakayobaki nayo mwenye jengo baada ya miaka 90 kuongezwa. Jumla ni kama pauni 7,716.

Sasa fleti hiyohiyo, imebaki miaka 79. Pango ni pauni 2,292. Fleti inayorudi ni pauni 6,356, toa 79. Jumla ya sehemu mbili za kwanza ni pauni 8,569, tofauti ndogo tu na ile ya awali. Lakini sasa inaingia thamani ya muungano. Tuseme mthamini ameona mkataba wa miaka 79, bila haki yoyote ya kuuongeza, una thamani ya asilimia 88 ya ule mrefu, yaani pauni 264,000. Baada ya kuongeza, mali zenu wawili kwa pamoja ni 300,079. Kabla, zilikuwa 264,000 zako na 8,648 za mwenye jengo. Tofauti ni 27,431, na nusu yake ni kama 13,716. Bei yote: pauni 22,285.

Miaka mitatu, zaidi ya pauni 14,000. Na hiyo asilimia 88 ndiyo uwanja wa vita. Mthamini wa mwenye jengo atasema 85, wako atasema 90. Kwa kuwa soko halina mikataba isiyo na haki ya kuongezwa, wathamini hutegemea grafu zinazoonyesha mkataba wa miaka fulani una thamani ya asilimia ngapi ya ule mrefu, na katika kesi ya Zucconi ya mwaka 2019 Upper Tribunal ilikubali wastani wa grafu mbili, ya kampuni ya Savills na ya kampuni ya Gerald Eve, pale pasipo na ushahidi bora wa mauzo. Kila asilimia moja hapo, kwa fleti ya mfano wetu, ni pauni 1,500 katika bei. Ndiyo sababu mthamini anayejua kazi hii hasa, aliyesajiliwa na RICS, chama cha kitaalamu cha wathamini, na aliyezoea mitaa yenu, analipa ujira wake mwenyewe. Anayethamini nyumba kwa ajili ya mikopo tu hatoshi.

Mambo mawili ambayo wenye fleti huyasahau katika hesabu. Ukarabati ulioongeza thamani, ukiwa wako au wa mmiliki aliyekutangulia, haupaswi kuhesabiwa. Mwonyeshe mthamini kilichokuwapo mkataba ulipotolewa na kilichoongezwa baadaye. Na pango linalojizidisha mara mbili kila miaka 10 au 15 hulivimbisha sana fungu la kwanza, kwa hiyo mwenye mkataba wa namna hiyo asijilinganishe na jirani anayelipa pauni 10.

Njia mbili, na kwa nini naipenda ya sheria

Unaweza kumwandikia mwenye jengo na kuomba mkubaliane tu. Hii ndiyo njia ya mapatano. Inaweza kuwa ya haraka na nafuu, hasa kwa halmashauri au kwa majirani wanaomiliki jengo kwa pamoja. Lakini huko hakuna kinachomfunga mtu. Mwenye jengo anaweza kukujibu taratibu kwa miezi minane huku ukikaribia 80, kisha akabadili bei. Anaweza kukupa nyongeza ya kufikisha miaka 99 au 125 tu, badala ya miaka 90 juu ya ile uliyonayo. Tangu sheria ya pango la ardhi ya 2022 ianze kutumika tarehe 30 Juni mwaka huo, hawezi tena kukutoza pango katika kipindi kilichoongezwa, ila pango la kipindi kilichokuwa kimebaki linaweza kuendelea jinsi lilivyokuwa. Basi ofa inayoonekana nafuu kwa pauni elfu mbili inaweza kukuacha ukilipa pango kwa miaka 70. Isitoshe, aliyekukopesha lazima akubali kwa maandishi, kwa kuwa mkataba wa zamani ambao ndio dhamana yake unafutwa.

Njia ya sheria inatokana na Leasehold Reform, Housing and Urban Development Act ya 1993. Inakupa miaka 90 juu ya iliyobaki, pango sifuri, masharti yaleyale ya zamani isipokuwa pale penye kasoro inayohitaji kurekebishwa, na mkopo wako unahamia kwenye mkataba mpya kwa nguvu ya sheria. Juu ya yote, tarehe ya kuthamini inakuwa siku ile notisi yako inapotolewa. Ukitoa notisi ukiwa na miaka 80 na wiki tatu, majadiliano yakachukua mwaka mzima, bado unahesabiwa una zaidi ya 80. Hakuna chochote kinachozuia kutuma notisi halafu kuendelea kuzungumza kwa upole. Mimi nashauri hivyo karibu kila mara: kwanza notisi, mazungumzo baadaye.

Mwenye haki ni anayemiliki mkataba ambao mwanzoni ulitolewa kwa zaidi ya miaka 21. Huhitaji kuishi kwenye fleti, na ukiwa na fleti tatu unaweza kuziongezea zote. Sharti la kuimiliki kwa miaka miwili lilifutwa tarehe 31 Januari 2025. Wachache hawamo, kwa mfano mikataba ya kibiashara, na fleti ambazo shirika la hisani la makazi linazitoa kutimiza lengo lake la hisani.

Notisi yenyewe

Notisi hiyo hutolewa chini ya kifungu cha 42 cha sheria hiyo ya 1993. Si barua ya kawaida, na kosa dogo linaweza kuiua. Lazima itaje majina kamili ya wamiliki wote na anwani ya fleti, maelezo ya fleti yanayotosha kuitambua, tarehe ya mkataba, siku muda ulipoanza na urefu wake, bei unayopendekeza, masharti unayoyataka kwenye mkataba mpya, anayekuwakilisha na anwani yake iliyo England au Wales, na siku ya mwisho ya mwenye jengo kujibu, isiyopungua miezi miwili tangu notisi itolewe.

Kinachoharibika mara nyingi ni hiki. Notisi inapelekwa kwa mtu asiyehusika. Anayekutumia ankara za pango anaweza kuwa wakala, na anayekutoza gharama za huduma anaweza kuwa kampuni ya usimamizi. Unayemtafuta ni yule ambaye muda wake katika jengo unazidi wako kwa angalau miaka 90, kwa sababu ni yeye tu mwenye uwezo wa kukupa nyongeza yote. Kati yako na mmiliki wa ardhi anaweza kukaa mpangaji wa kati mwenye mkataba unaozidi wako kwa siku chache tu. Huyo siye. Kama kampuni ya usimamizi ni upande wa tatu katika mkataba wako, nayo inapaswa kupewa nakala. Katika majengo ya halmashauri, shirika linalosimamia matengenezo kwa niaba yake si mwenye jengo. Notisi ni ya halmashauri. Usipokuwa na uhakika, kifungu cha 41 kinakuruhusu kudai maelezo ya umiliki, nao wana siku 28 kujibu. Kuiomba hiyo hakukufungi wala hakuanzishi gharama za mwenye jengo.

Bei nayo ina kanuni yake. Anza chini, lakini iwe chini yenye mantiki. Mahakama ya Rufaa ilisema katika Cadogan dhidi ya Morris, mwaka 1998, kwamba bei isiyo ya kweli inaibatilisha notisi. Mwombe mthamini akupe namba mbili: ile anayoiona kuwa ya haki, na ile ya chini kabisa anayoweza kuitetea. Ya pili ndiyo ya kuandika. Kumbuka pia kwamba amana hutozwa kwa kuifuata namba hiyo: mwenye jengo anaweza kudai asilimia 10 ya bei uliyopendekeza, au pauni 250 ikiwa ndiyo kubwa zaidi, na una siku 14 za kulipa. Anaweza pia, ndani ya siku 21 tangu notisi, kudai uthibitisho kuwa fleti ni yako, nawe una siku 21 za kumjibu. Na ana haki ya kuja kuikagua kwa ajili ya uthamini baada ya kukutaarifu siku tatu kabla. Usimzuie.

Angalia pia gereji, stoo na bustani. Vikiwa vimetolewa pamoja na fleti kwenye mkataba uleule, vinaingia kwenye nyongeza, ila wakili anapaswa kuvitaja. Gereji iliyonunuliwa baadaye kwa hati yake ni suala jingine, na nimeona haja ya kulitaja hapa kwa sababu ni kitu cha kugunduliwa siku ya kuuza, wakati kimekwisha kuchelewa.

Peleka notisi kwa njia inayoacha ushahidi wa siku ilipofika, kwenye anwani ya mwenye jengo iliyo kwenye ankara ya mwisho, na kama ni kampuni, kwenye ofisi yake iliyosajiliwa pia. Kisha wakili aisajili Land Registry dhidi ya hati ya mwenye jengo. Bila usajili huo, jengo likiuzwa katikati ya safari, mnunuzi mpya anaweza kudai notisi yako haimhusu.

Wanaoishi nje, iwe Nairobi, Muscat au Toronto, waanze mapema kidogo. Mwakilishi mwenye anwani England au Wales ni lazima, uthibitisho wa utambulisho kwa wakili unachukua muda, na mkataba mpya lazima usainiwe mbele ya shahidi. Kwa fleti iliyo England, wakili wako anaweza kuisaini notisi kwa niaba yako tangu sheria irekebishwe mwaka 2014, jambo linaloondoa kikwazo kimoja kikubwa.

Saa za sheria

Baada ya notisi, kalenda ndiyo inayotawala, na katika sehemu hii watu wanapoteza haki wakiwa na wakili kamili.

Mwenye jengo akijibu kwa notisi yake ya majibu, akakubali haki yako lakini akakataa bei, mna angalau miezi miwili ya kujadiliana kabla yeyote hajakwenda First-tier Tribunal, baraza linaloamua migogoro hii. Lakini maombi lazima yafike huko kabla ya miezi sita tangu notisi ya majibu kuisha. Ikipita bila maombi, dai lako linahesabiwa limeondolewa, utalipa gharama za mwenye jengo, na hutaruhusiwa kutoa notisi nyingine kwa miezi 12. Ukiwa ulianza na miaka 80 na nusu, unarudi ukiwa chini ya mstari. Peleka maombi hata kama mmebakiza pauni mia tano kukubaliana. Kesi nyingi humalizika kabla ya kusikilizwa na maombi hayaharibu uhusiano. Wales, chombo kinachosikiliza ni Leasehold Valuation Tribunal.

Asipojibu kabisa kwa siku uliyoiandika, furaha isikupumbaze. Una miezi sita ya kwenda County Court kuomba mkataba kwa masharti uliyoyapendekeza. Notisi ikiwa sahihi, anaweza kujikuta amefungwa na bei yako. Notisi ikiwa na kasoro, mahakama haitakusaidia. Na kama mwenye jengo hapatikani kabisa, mahakama hiyohiyo inaweza kutoa amri mkataba utolewe badala yake.

Mkishakubaliana masharti yote, kuna miezi miwili ya kusaini, na ikipita bila kusaini, miezi miwili mingine ya kwenda mahakamani. Wengi hudhani kazi imeisha bei ilipokubaliwa. Haijaisha.

Gharama za mwenye jengo zilizo za kiasi, yaani wakili wake kuchunguza dai, mthamini wake, na kuandika mkataba, unalipa wewe, hata ukijitoa njiani. Gharama zake za baraza hulipi. Ankara ikikushtua, baraza linaweza kuipunguza. Omba mchanganuo wa saa na kazi. Siku ya kukamilisha atadai pia madeni yote ya pango na ya huduma yaliyo chini ya mkataba, hivyo mgogoro wa ankara ya paa wa miaka mitatu iliyopita usiuache uje ukusimamishe siku hiyo. Bei ikifika pauni 40,000 au zaidi, wakili lazima apeleke ritani ya kodi ya ununuzi wa mali hata pale ambapo hakuna kodi ya kulipa.

Kusubiri sheria mpya?

Leasehold and Freehold Reform Act ilipitishwa tarehe 24 Mei 2024. Inaahidi nyongeza ya miaka 990, kufutwa kwa thamani ya muungano, viwango vya hesabu vinavyowekwa na serikali, na kila upande kujilipia gharama zake katika kesi nyingi. Wenye majengo waliipinga mahakamani, na Oktoba 2025 High Court ikalikataa pingamizi lao. Lakini vifungu hivyo vya bei, ninapoandika haya, bado havijaanza kutumika. Kwa upande wa kuongeza muda, kilichoanza ni kufutwa kwa sharti la miaka miwili.

Aliye na miaka 83 au 81 asisubiri. Anachokiokoa kwa kusubiri ni kidogo, kwa kuwa hana thamani ya muungano ya kufutiwa, na anachokihatarisha ni kikubwa. Aliye na miaka 68, asiyeuza wala kubadilisha mkopo hivi karibuni, ana sababu ya kweli ya kungoja: tayari analipa muungano, kila mwaka unaongeza bei kiasi fulani, na sheria ikianza anaweza kuokoa fedha nyingi. Mwombe mthamini namba ya leo na ya miaka miwili ijayo kwa sheria ya sasa, uone kungoja kunagharimu kiasi gani, kisha uamue kwa namba hizo. Aliye na miaka 55 na mkopo unaoisha muda wake mwakani huenda hana anasa hiyo. Na aliyeongeza miaka 90 leo hajafungiwa mlango. Anaweza kudai tena baadaye.

Kwa mnunuzi wa fleti yenye mkataba mfupi: ingawa sharti la miaka miwili limeondoka, haki ya kutoa notisi ni ya mmiliki aliyesajiliwa, na usajili wa Land Registry unaweza kuchukua miezi. Kama fleti iko kwenye miaka 80 na kitu, mtake muuzaji atoe notisi kabla ya kukamilisha na akuhamishie faida yake siku ileile anayokuhamishia mkataba. Vikihamishwa siku tofauti, notisi inakufa.

Mkataba mpya ukishasainiwa, wakili ausajili, na wewe uchukue tena nakala ya rejista kwa zile pauni 7. Hakikisha muda mpya ndio uliosomeka, mkopo wako umeandikwa pale unapostahili, na hati ya zamani imefungwa. Kisha mwandikie wakala anayetoza pango, ukiambatisha nakala ya kipengele cha pango sifuri, maana mifumo yao mara nyingi huendelea kutoa ankara kwa mkataba uliokwisha kufutwa, na ankara isiyolipwa ikikaa huongezewa ada za uchelewaji.